Gari Mseto Mjini: Akiba ya Mafuta Imo Katika Breki

Katika miaka ya karibuni magari mseto, ambayo wauzaji wengi huyaita haibridi, yameongezeka sana katika barabara za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki. Mengi ni magari ya juu ya familia yaliyokwisha kutumika Japani: Toyota Harrier, Honda Vezel, Nissan X-Trail na mengineyo ya jamii hiyo. Mnunuzi huambiwa kwamba gari hilo linakwenda kwa petroli na umeme, kwamba linajichaji lenyewe, na kwamba akishalinunua atasahau njia ya kituo cha mafuta. Hulipa fedha zaidi kwa ajili ya ahadi hiyo.

Miezi michache baadaye wenye magari hayo hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema ahadi imetimia. Kundi la pili hulalamika kwamba gari linakula mafuta karibu sawa na lile walilokuwa nalo zamani. Hulipeleka gereji, hubadilisha plagi, hushuku betri, na mwisho hulitangaza kuwa bovu. Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi magari ya makundi yote mawili ni ya aina moja na ya mwaka mmoja, na hupita katika foleni ileile.

Tofauti hiyo si ya bahati, na mara nyingi si ya ubovu. Sababu yake kubwa ni mguu wa dereva, na hasa jinsi mguu huo unavyokanyaga breki. Gari mseto halizalishi nishati yake. Kazi yake ni kuokota nishati ambayo magari mengine huitupa, na kiasi cha kuokotwa huamuliwa na mtu aliyeshika usukani. Anayelinunua bila kufahamu hivyo amenunua nusu tu ya kifaa. Nusu ya pili ni elimu, na elimu hiyo haina utata: imo ndani ya somo la fizikia la shule ya sekondari.

Kinachopotea kila gari linaposimama

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba kitu kinachokwenda kina nishati mwendo, na kwamba nishati hiyo ni sawa na nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Wengi huikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha huiacha darasani. Yafaa itolewe nje, iwekwe barabarani.

Na lichukuliwe gari la juu lenye tungamo la kilogramu 1,700 pamoja na dereva wake, likienda kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao ndio kikomo cha sheria ya Tanzania katika maeneo ya makazi. Mwendo huo ni sawa na meta 13.9 kwa sekunde. Ukokotozi utaonyesha kwamba gari hilo limebeba nishati mwendo ya takriban jouli 164,000. Taa ikiwaka nyekundu na dereva akasimama, nishati hiyo yote lazima iende mahali. Katika gari la kawaida, ukiacha sehemu ndogo inayochukuliwa na upepo na matairi, huenda kwenye diski na pedi za breki, hugeuka joto, na joto hilo hupotelea hewani. Taa ikiwaka kijani, dereva hulazimika kuinunua upya kutoka katika tangi.

Bei yake ni ipi? Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajouli 32. Lakini injini ya kawaida katika mwendo wa mjini, wenye kungoja, kuondoka na kusimama tena, hufikisha kwenye magurudumu kama sehemu moja tu kati ya tano. Nyingine zote hutoka kama joto kwa njia ya rejeta na ekzosi. Kwa hiyo lita moja hutoa kazi ya takriban megajouli 6.4. Ukigawanya kiasi hicho kwa jouli 164,000, jibu ni 39. Maana yake ni kwamba kila gari hilo linapofikia kilometa 50 kwa saa na kusimamishwa mara 39, lita nzima ya petroli imetumika kupasha moto breki. Haikumsogeza abiria hata hatua moja zaidi.

Ulinganisho mwingine unafaa. Kani inayozuia matairi kuviringika katika lami nzuri huwa kama asilimia moja ya uzito wa gari. Kwa gari hili ni takriban niutoni 167, yaani kazi ya jouli 167,000 kwa kila kilometa. Tarakimu hiyo karibu ilingane na ile ya kwanza. Hivyo breki moja kamili kutoka kilometa 50 kwa saa ni sawa na kuongeza kilometa moja ya kuviringika katika safari. Dereva anayesafiri kilometa 12 na kusimama hivyo mara 24 amelifanyisha gari kazi ambayo haimo katika ramani yoyote.

Mwanafunzi aangalie pia kwamba kasi imo katika mraba. Gari lilelile likienda kilometa 25 kwa saa halibebi nusu ya nishati ile, hubeba robo: kama jouli 41,000 tu. Dereva anayekimbilia taa nyekundu iliyo wazi mbele ya macho yake hununua nishati mara nne ya ile aliyoihitaji, ili apate kuitupa mapema zaidi.

Jinsi gari mseto linavyookota

Wazo la kuunganisha injini na mota ya umeme si geni. Ferdinand Porsche alitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1900. Lakini magari mseto ya kuuzwa kwa wingi yalianza Japani mwezi Desemba 1997, Toyota Prius ilipoingia sokoni. Na katika jamii ya magari ya juu, Ford Escape Hybrid ilitangulia mwaka 2004, ikifuatwa na nyingine nyingi.

Magari haya huokoa mafuta kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuzima injini gari linaposimama au linapojikokota, kazi ikabaki kwa mota. Njia ya pili ni kuiruhusu injini ifanye kazi katika hali inayoipendelea. Nyingi za injini hizi hufuata mzunguko uliobuniwa na Mwingereza James Atkinson mwaka 1882, ambao hukamua zaidi joto la mlipuko kabla ya kulitoa nje. Injini ya namna hiyo huwa dhaifu wakati wa kuondoka, lakini mota husaidia pale penye udhaifu. Kwa tarakimu za Toyota yenyewe, injini ya lita 2.5 ya magari yake mseto hufikia ufanisi wa asilimia 41 katika hali yake bora, kiwango kikubwa kwa injini ya petroli.

Njia ya tatu ndiyo kiini cha makala haya. Dereva anapopunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kuchaji betri. Mwanafunzi aliyewahi kupanda baiskeli yenye dainamo anaijua sayansi hii kwa misuli yake: dainamo ikigusa tairi na taa ikawaka, baiskeli huwa nzito. Uzito huo ndio breki, na mwanga ule ndiyo nishati iliyookotwa. Gari mseto hufanya hivyohivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Si nishati yote inayorudi, kwa kuwa jenereta, betri na mota kila kimoja hutoza ushuru wake. Hata ikirudi nusu, mara 39 zile zinazoteketeza lita nzima katika gari la kawaida zitateketeza kama nusu lita.

Ndiyo maana magari mseto yamepindua kanuni ambayo madereva waliizoea kwa miaka mingi. Gari la kawaida hula mafuta zaidi mjini kuliko katika barabara kuu. Katika vipimo rasmi vya Marekani, Toyota RAV4 ya petroli tupu ya mwaka 2019, ile ya kuendeshwa kwa magurudumu mawili, ilipewa takriban kilometa 11 kwa lita mjini na karibu 15 katika barabara kuu. RAV4 mseto ya mwaka huohuo ilipewa takriban kilometa 17.4 mjini na 16.2 katika barabara kuu. Foleni iliyokuwa adui imekuwa shamba la kuokotea. Lakini shamba halijivuni.

Sekunde tatu na sekunde kumi

Hapa ndipo dereva anapoingia. Nishati ni kitu kimoja, na nguvu, yaani nishati kwa kila sekunde, ni kitu kingine. Jouli 164,000 zikitakiwa kuondolewa katika sekunde 3, nguvu yake ya wastani ni kama kilowati 55. Zikiondolewa katika sekunde 10, nguvu ni kama kilowati 16. Gari ni lilelile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni muda.

Betri ya gari mseto ni ndogo, nayo haiwezi kumeza nishati kwa kasi yoyote itakiwayo. Ni kama mtungi wenye mdomo mwembamba: mwagia ndoo nzima kwa mpigo na maji mengi yataangukia chini, mimina taratibu na karibu yote yataingia. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, kompyuta ya gari huchukua kiasi ambacho jenereta na betri vinaweza kukipokea, na kinachozidi hukipeleka kwenye diski za kawaida. Hapo gari mseto limekuwa gari la kawaida lililobeba betri nzito.

Sekunde kumi za kusimama huhitaji takriban meta 70, ambapo sekunde tatu huhitaji kama meta 21. Ushauri wote wa kuokoa mafuta mjini umekusanyika katika tofauti hiyo ya meta 49. Dereva anayetoka Mwenge kuelekea Posta akiona taa za kituo cha Sayansi zimekuwa nyekundu, na aondoe mguu kwenye mafuta mapema na kuligusa kanyagio la breki kwa wepesi, badala ya kuendelea kuvuta hadi kwenye kisogo cha gari la mbele. Anayeteremka Magomeni kuelekea Jangwani na aache mteremko ufanye kazi, breki ikiwa imeguswa kidogo. Mara nyingine taa hugeuka kijani kabla hajasimama, na hapo atakuwa ameokoa zaidi, kwa sababu nishati bora kuliko zote ni ile ambayo haikuhitaji kuokotwa.

Magari mengi ya aina hii yana chombo kwenye dashibodi kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mshale wake huwa na sehemu tatu: ya kuchaji, ya matumizi ya uangalifu, na ya nguvu nyingi. Mengine yana picha yenye mishale inayoonyesha nishati ikitoka kwenye injini kwenda kwenye magurudumu na kurudi kwenye betri. Kwa bahati mbaya, maandishi ya skrini hizo katika magari yaliyotoka Japani mara nyingi ni ya Kijapani, na wenye magari huiacha picha hiyo au hufungua redio juu yake. Huko ni kumfunga mdomo mwalimu aliyemo ndani ya gari. Mishale haihitaji tafsiri. Inahitaji kutazamwa kwa jicho moja dereva anaposimama, mpaka mguu ujifunze.

Imani zinazopoteza mafuta

Pamoja na elimu yafaa ziondolewe imani chache ambazo zimeenea katika vijiwe vya madereva.

Imani ya kwanza ni kwamba umeme wa gari mseto ni wa bure, na kwa hiyo dereva mwema huondoka kwa mwendo wa kinyonga ili injini isiwake kamwe. Gari mseto lisilochomekwa ukutani halina chanzo kingine cha nishati zaidi ya petroli. Umeme uliopatikana kwa breki ni akiba ya kweli, lakini huo ukiisha injini italazimika kuchaji betri, na petroli iliyogeuzwa umeme, ikahifadhiwa, kisha ikageuzwa mwendo, imetozwa ushuru mara tatu. Betri yenyewe ni ndogo: ile ya RAV4 mseto ya mwaka 2019 ina uwezo wa takriban kilowati-saa 1.6, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Njia iliyo bora ni kuondoka kwa kasi ya wastani, injini ikifanya kazi yake vizuri, kufikia mwendo unaotakiwa, kisha kupunguza mguu na kuiachia mota kazi ya kuendeleza mwendo huo.

Imani ya pili ni ile ya kuweka gia huru, herufi N, katika mteremko au wakati wa kusogelea taa. Katika magari mseto ya Toyota, gia ikiwa N betri haichajiwi. Dereva huyo amefunga mlango wa ghala saa ya mavuno. Tena hali hiyo ni ya hatari, kwa kuwa amejinyang'anya sehemu ya uwezo wa kulitawala gari.

Imani ya tatu huhusu herufi B. Wengine hudhani ni ya betri, hivyo huiweka muda wote. Kazi yake ni kuifanya injini izunguke ili isaidie kulizuia gari katika mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga au wa kutoka Lushoto, ambako betri hujaa na breki zinahitaji kulindwa. Mjini penye barabara tambarare, huipeleka kwenye injini nishati ambayo ingeweza kwenda kwenye betri.

Imani ya nne ni kulipasha gari moto asubuhi kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Injini ya baridi hula mafuta mengi, na hupata joto upesi zaidi ikiwa inafanya kazi kuliko ikiwa inangoja. Kwa sababu hiyohiyo, safari tatu fupi zilizotawanywa katika siku hugharimu zaidi kuliko safari moja inayopitia sehemu zote tatu.

Joto, vumbi na upepo

Mambo mengine matatu yatajwe kwa kifupi, kwa kuwa yanahusu hali ya hewa na barabara za nchi hizi.

Kiyoyozi cha magari haya mara nyingi huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa. Katika foleni isiyosogea, ndicho hulazimisha injini kuwaka tena na tena. Kikivuta kilowati moja kwa saa nzima, na injini pamoja na jenereta vikigeuza asilimia 30 ya nishati ya petroli kuwa umeme, gharama yake ni zaidi ya theluthi moja ya lita. Hakuna sababu ya kumtaka mtu atokwe jasho mwezi Februari. Lakini kufungua vioo kwanza ili hewa ya moto itoke, kisha kuweka joto la wastani badala ya baridi ya kutetemesha, ni busara isiyoumiza mtu.

Betri nayo haipendi joto. Katika magari mengi mseto hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa kwa mizigo au nguo, au kichujio chake kikijaa vumbi, betri hupata moto, hupokea nishati kidogo na huzeeka kabla ya siku zake. Betri nyingi zinazolaumiwa kwa uzee zilinyimwa pumzi. Kusafisha kichujio hicho mara kwa mara ni kazi ya dakika chache, na gharama yake hailingani hata kidogo na bei ya betri.

Matairi yenye upepo pungufu huongeza ile kani ya kuviringika iliyotajwa hapo juu. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Kipimwe kila mwezi, matairi yakiwa baridi, na si kwa kupiga tairi teke.

Pingamizi la foleni

Dereva mzoefu atasema kwamba haya yote ni mazuri katika karatasi, lakini barabara za Dar es Salaam haziyaruhusu. Ukiacha nafasi mbele yako, daladala itaingia. Daladala ikiingia, bodaboda tatu zitaifuata. Pingamizi hilo lina ukweli, na halifai kudharauliwa.

Hata hivyo lipimwe kwa tarakimu. Gari lililoingia mbele limemchelewesha dereva kwa urefu wake, yaani meta chache, ambazo kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa ni chini ya sekunde moja. Likiingia gari moja katika kila kilometa, safari ya kilometa 12 itarefuka kwa sekunde zisizotosha kuangalia saa. Aliyeziba nafasi yake kwa kukimbia na kusimama ghafla amezilipa sekunde hizo kwa petroli, kwa pedi za breki, na kwa hatari ya kugonga. Penye msongamano halisi, ambako magari hujikokota kwa kilometa 5 au 10 kwa saa, nishati inayohusika ni ndogo sana na gari mseto hujiendea kwa umeme. Hapo dereva hana la kufanya ila kuwa mtulivu. Lakini mtoto akikatiza barabara, breki ikanyagwe kwa nguvu zote. Hakuna akiba inayopimwa mbele ya uhai.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi. Gari la juu la kilogramu 1,700 linalombeba mtu mmoja kwenda kazini linabaki kuwa mzigo mkubwa kwa kazi ndogo, liwe mseto au lisiwe. Gari dogo huhitaji nishati pungufu kwa kila breki, kwa kuwa tungamo nalo limo katika kanuni. Mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, hugawanya nishati ya kila kusimama kwa abiria wengi. Gari mseto ni nafuu. Lisifanywe kisingizio cha kusahau usafiri wa umma. Lakini magari haya yamekwisha kuingia nchini, na yataendelea kutumika kwa miaka mingi. Kuyatumia vibaya hakumsaidii mtu yeyote.

Hesabu ya nyumba na ya taifa

Na achukuliwe mwenye gari anayesafiri kilometa 12,000 kwa mwaka mjini. Kwa kilometa 11 kwa lita atatumia takriban lita 1,090. Kwa kilometa 17.4 kwa lita atatumia takriban lita 690. Tofauti ni lita 400. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo Dar es Salaam iliivuka mwaka 2022, hizo ni shilingi 1,200,000. Dereva wa breki za ghafla anayeambulia kilometa 13 kwa lita atatumia lita 923, hivyo zaidi ya nusu ya akiba aliyoilipia dukani ameimwaga barabarani kwa mguu wake mwenyewe.

Petroli yote inayotumika Tanzania huagizwa kutoka nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo lita iliyoteketea kwenye diski za breki imelipiwa mara mbili: na mwenye gari, na taifa. Shule za udereva hufundisha alama za barabarani na kanuni za usalama, na ndivyo ipasavyo. Yafaa ziongeze somo moja la nishati. Wauzaji wa magari nao wampe kila mnunuzi ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kuhusu chombo cha kuchaji, kichujio cha betri na maana ya herufi B. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo kuliko ya nusu lita ya petroli.

Kazi kwa darasa

Mwalimu wa fizikia asingoje shule ipate gari mseto. Wanafunzi wahesabu ni mara ngapi daladala husimama kati ya nyumbani na shuleni, na wakisie mwendo wake kabla ya kila kusimama. Lichukuliwe basi dogo lenye tungamo la kilogramu 5,000 likienda kilometa 40 kwa saa: kila kusimama ni takriban jouli 309,000. Wazidishe kwa idadi ya vituo, wagawanye kwa megajouli 6.4, na waone ni lita ngapi zimekuwa joto kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Mwenye kupata gari, la aina yoyote, afanye jaribio la pili. Ajaze tangi mpaka pampu ikatike yenyewe na aandike kilometa; baada ya wiki mbili za uendeshaji wa kawaida ajaze tena vilevile, agawanye kilometa kwa lita. Kisha arudie wiki mbili nyingine katika njia ileile, akiondoa mguu kwenye mafuta meta 70 kabla ya kila taa nyekundu, kila inapowezekana. Matokeo yaandikwe ubaoni, hata yakiwa kinyume cha matarajio, na sababu zitafutwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mhandisi ameiweka daftari hiyo ndani ya gari mseto, na kila breki huandikwa humo. Iliyobaki ni kazi ya dereva kujifunza kuisoma, na ya shule kumfundisha angali kijana.